Kimondo Hakina Mwenyewe: Historia Fupi ya Kutazama Vyombo vya Angani na Mabaki Yanayoanguka

1. Utangulizi

Wahenga walisema: "Aliye juu mngoje chini." Walimsema mtu mwenye kiburi, wala hawakufikiria chuma. Lakini tangu tarehe 4 Oktoba 1957, Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik 1, methali hii imepata maana ya pili. Chombo kinachozunguka karibu na dunia huzuiwa kidogo kidogo na hewa hafifu iliyoko huko juu, hupungukiwa na kimo siku hata siku, na mwishowe hushuka. Anayekipokea ni mtu wa chini, ambaye aghalabu hakushirikishwa wakati kilipokuwa kikipandishwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watu wa ardhini walivyojifunza kuvitazama vyombo hivyo, vikiwa juu na vinapoanguka. Hoja yetu ni moja: katika historia hii mtazamaji mwenye macho, saa na daftari si mtu wa pembeni. Ndiye aliyezihakikisha njia za setilaiti za mwanzo, ndiye aliyefichua kilichofichwa na dola kubwa, na hata leo ushuhuda wake ni miongoni mwa nguzo za sheria ya mataifa pindi chuma kinapomwangukia mtu shambani. Tutapitia mifano ya Marekani, Uingereza, Kanada na Afrika, kisha tutauliza mifano hiyo inatudai nini sisi tunaosoma na kuandika kwa Kiswahili.

2. Kinachoonekana, na jina lake

Setilaiti haina mwanga wake yenyewe. Huonekana kwa sababu jua, ambalo limekwisha kuzama kwa mtu aliye ardhini, bado linaimulika ikiwa katika kimo cha mamia ya kilomita. Ndiyo maana saa nzuri za kuitazama ni zile zinazofuata magharibi na zile zinazotangulia mapambazuko. Usiku wa manane setilaiti nyingi za karibu huwa zimeingia katika kivuli cha dunia. Huonekana kama nyota inayosafiri kimya, isiyo na taa za kuwakawaka kama za ndege, na huvuka anga kwa dakika chache. Mara nyingine hufifia ghafla ingali juu ya vichwa vyetu: hapo imeingia kivulini.

Kinachoanguka huonekana kwa namna nyingine. Kimondo, yaani jiwe la angani, huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, na kwa kawaida hutoweka kabla hujamwonyesha mwenzako. Chombo kilichotengenezwa na binadamu, kikishuka kutoka njia yake ya mzunguko, huingia kwa kasi ya kilomita zipatazo 7.8 kwa sekunde, tena kwa mteremko mdogo sana. Kwa hiyo hupita taratibu, pengine kwa dakika nzima au zaidi, kikimeguka vipande vingi ambavyo kila kimoja huburuta mkia wake wa moto. Alumini nyingi huyeyuka. Matangi ya titani na sehemu za chuma kigumu huweza kufika ardhini.

Kiswahili kina neno kimondo, nalo hutumika kwa kile kinachowaka angani na vilevile kwa jiwe lililokwisha kuanguka, kama Kimondo cha Mbozi huko kusini-magharibi mwa Tanzania. Je, yatupasa kuyaita mabaki ya roketi kwa jina hilohilo? Tunaona kwamba haifai, na sababu yetu si ya kisarufi tu. Kimondo hakina mwenyewe. Mabaki yana mwenyewe: yupo aliyeyaunda, yupo aliyeyarusha, na yupo anayepaswa kuulizwa. Mtu akisema "kimondo kimeanguka", amemwondolea huyo mwenyewe wajibu kabla kesi haijafunguliwa. Akisema "mabaki ya chombo cha angani yameanguka", tayari ameuliza: ya nani?

3. Watazamaji wa Moonwatch

Mwaka 1956, kabla setilaiti yoyote haijarushwa, mwanafalaki wa Marekani Fred Whipple, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha falaki cha Smithsonian, alianzisha mpango ulioitwa Moonwatch. Alikusudia kuwakusanya raia wa kawaida, wakiwamo walimu, wanafunzi, mafundi na wastaafu, wawe walinzi wa mbingu wakati setilaiti zitakapoanza kuruka. Walikuwako wataalamu waliotilia shaka uwezo wa watu wasio na shahada ya falaki.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi na wa makini. Watazamaji waliketi kwa mstari, kila mmoja akiwa na darubini ndogo iliyoelekezwa katika sehemu yake ya anga, na sehemu hizo ziliingiliana pembeni kama magamba ya samaki. Chombo kilipopita katika mstari wa kaskazini-kusini, aliyekiona alitoa sauti, na wakati ukanukuliwa kwa kufuata ishara za saa zilizotangazwa redioni. Mtu mmoja peke yake angeweza kukosea. Mstari mzima wa watu ulisahihishana.

Sputnik 1 iliporuka, kamera kubwa za Baker-Nunn, zilizotengenezwa ili kupima njia za setilaiti kwa usahihi, zilikuwa bado hazijasambazwa katika vituo vyake, kimojawapo kikiwa Olifantsfontein, Afrika Kusini. Kazi ya siku za mwanzo iliwaangukia raia. Vikundi vya Sydney na Woomera, nchini Australia, viliona tarehe 8 Oktoba 1957. Walichokiona watu wengi katika majuma yale hakikuwa setilaiti yenyewe, ambayo ilikuwa tufe la sentimita 58 tu, bali mwili mkubwa wa roketi iliyoipandisha. Mwili huo ulianguka mwanzoni mwa Desemba 1957, na Sputnik yenyewe ikafuata Januari 1958. Tangu hatua ya kwanza, basi, kutazama vyombo na kutazama mabaki yake kulikuwa kazi moja.

Mfano bora wa kazi hiyo ulitokea tarehe 5 Septemba 1962. Chombo cha Kisovieti ambacho nchi za Magharibi zilikiita Sputnik 4 kilikuwa kimerushwa tarehe 15 Mei 1960. Siku chache baadaye kiliamriwa kurudi, lakini kilikuwa kimeelekea upande usiofaa, na msukumo uliokusudiwa kukiteremsha ukakipandisha juu zaidi. Kilikaa huko zaidi ya miaka miwili. Ilipojulikana kwamba kinakaribia kuanguka, watazamaji wa Moonwatch katika jimbo la Wisconsin walikesha. Alfajiri hiyo moto uliomeguka vipande ulionekana angani, na katika mji wa Manitowoc askari polisi wawili waliokuwa katika doria waliona kitu barabarani, ambacho mwanzoni hawakukijali. Kilikuwa kipande cha chuma chenye uzito wa kilo 9 hivi, kilichojichimbia katika lami. Waliposikia habari za chombo kilichoanguka, waliyaunganisha mambo mawili. Kipande kilipimwa na wataalamu, kisha kikarudishwa kwa Wasovieti. Mpaka leo alama ya duara imewekwa katika barabara ile.

Hapa tunaona mnyororo kamili: waliotazama juu, waliookota chini, waliopima maabara, na mwenyewe aliyetambuliwa. Kiungo kimoja kingekosekana, kile chuma kingebaki takataka ya barabarani. Moonwatch yenyewe ilifungwa mwaka 1975.

4. Mwalimu wa Kettering

Mfano wa pili unawahusu walimu na wanafunzi. Geoffrey Perry alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya Kettering Grammar School, Uingereza. Akisaidiana na mwenzake Derek Slater, mwalimu wa kemia, alianza kuwafundisha wanafunzi kusikiliza sauti za setilaiti za Kisovieti kwa chombo cha redio kisicho cha gharama kubwa. Fizikia waliyoitumia yafahamika na kila aliyesimama kando ya reli: filimbi ya gari la moshi linalokaribia husikika nyembamba, na likishapita husikika nene zaidi. Mawimbi ya redio ya setilaiti hubadilika vivyo hivyo, na anayeyapima kwa uangalifu aweza kujua ni wakati gani chombo kilikuwa karibu naye kuliko wakati wote mwingine. Kutokana na vipimo vingi vya namna hiyo hupatikana njia yake.

Mnamo Machi 1966 ilirushwa Kosmos 112. Kikundi cha Kettering kiligundua kwamba njia yake iliinama digrii 72 kwa ikweta, tofauti na zile zilizozoeleka kutoka kituo cha Baikonur. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ikarushwa Kosmos 129 kwa mwinamo wa digrii 65. Walipochora njia hizo mbili kurudi nyuma mpaka wakati wa kurushwa, mistari ilikutana kaskazini mwa Urusi, karibu na Plesetsk. Wanafunzi wa shule ya sekondari walikuwa wamefichua kituo cha kurushia roketi ambacho serikali yenyewe ilikikiri rasmi mwaka 1983 tu.

Ni kweli kwamba idara za ujasusi za Marekani zilikuwa na habari zake. Lakini habari iliyofungiwa kabatini haiwi elimu ya umma. Perry aliitangaza, na hapo ndipo ilipoingia katika historia.

5. Kosmos 954 na sheria ya mataifa

Mnamo miaka ya 1960 na 1970 mataifa yalipatana kuhusu mambo ya anga. Mkataba wa mwaka 1967 uliweka kanuni za jumla. Mapatano ya mwaka 1968 yalizitaka nchi zinazogundua kitu cha angani katika ardhi yao kumjulisha aliyekirusha pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mkataba wa mwaka 1972 ulisema kwamba nchi iliyorusha chombo italipa fidia kwa madhara yote yatakayotokea juu ya uso wa dunia, bila ya aliyedhurika kulazimika kuthibitisha uzembe wowote. Hilo ni jambo kubwa. Lakini fidia hiyo ina sharti lililo wazi: lazima ijulikane chombo ni cha nani.

Jaribio kubwa la sheria hiyo lilitokea tarehe 24 Januari 1978. Kosmos 954, setilaiti ya Kisovieti ya kupeleleza meli baharini, ilikuwa imerushwa Septemba 1977 ikiwa na mtambo mdogo wa nyuklia uliotumia uraniamu, madini ambayo jina lake halihitaji kuelezwa kwa mkaaji wa Katanga. Iliharibika, ikaanguka kaskazini mwa Kanada. Rada za Marekani zilikuwa zikiifuata kwa majuma kadhaa, lakini hakuna aliyeweza kutaja mapema mahali itakapotua.

Yafaa tueleze sababu. Hewa ya juu hupanuka na kusinyaa kwa kufuata hali ya jua, na chombo kinachobiringika hakizuiwi na hewa kwa kiasi kilekile kila dakika. Kwa hiyo makadirio huwa na kosa la saa kadhaa, na katika saa za mwisho huwa na kosa la dakika nyingi. Kwa kasi ya kilomita 7.8 kwa sekunde, kosa la dakika moja ni kama kilomita 470. Chombo kama hicho kingetoka Lubumbashi hadi Likasi kwa sekunde 15 hivi, na hadi Kinshasa kwa muda usiozidi dakika 4. Aliyesimama chini na kuona ndiye anayeweza kuondoa shaka inayobaki.

Ndivyo ilivyokuwa Kanada. Baadhi ya wakaaji wa Yellowknife waliokuwa macho alfajiri ile waliuona moto ukipita. Ndege zenye vifaa vya kupima mnururisho ziliruka, katika kazi ya pamoja ya Kanada na Marekani iliyopewa jina la Morning Light. Lakini miongoni mwa watu wa kwanza kuyafikia mabaki kwa macho yao walikuwa wasafiri wawili wa kundi dogo lililokuwa likikaa majira ya baridi kando ya mto Thelon, ambao tarehe 28 Januari walikuta chuma kilichopinda katika barafu. Msako uliendelea kwa miezi, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 124,000, ambako Wadene na Wainuit huwinda na kuvua. Wao walibaki na wasiwasi juu ya wanyama na samaki wanaowala.

Kanada ilidai dola za Kanada 6,041,174.70. Mwaka 1981 Umoja wa Kisovieti ulikubali kulipa milioni 3, bila kukiri wajibu. Fedha hizo ni nusu tu, lakini zilipatikana kwa sababu mbili: mwenye chombo alijulikana, na mabaki yalikusanywa, yakaandikwa na kupimwa.

6. Afrika chini ya njia hizo

Ikweta ni mstari ambao kila chombo chenye kuzunguka dunia hana budi kuukata au kuufuata, na bara letu limelala juu yake. Si ajabu, basi, kwamba orodha ya Afrika inazidi kurefuka. Tarehe 27 Aprili 2000 vipande vya sehemu ya pili ya roketi ya Marekani aina ya Delta 2, likiwamo tangi kubwa la chuma, vilianguka karibu na Cape Town. Mwezi Mei 2020 mwili wa roketi ya China Long March 5B, wenye uzito wa tani 20 hivi, uliingia angahewa upande wa Afrika Magharibi, na bomba refu la chuma likaonekana katika kijiji cha Mahounou, nchini Côte d'Ivoire.

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha meta 2.5 na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema, kwa uchunguzi wake wa mwanzo, kwamba ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Wachunguzi wa kujitegemea wa nchi nyingine waliichukua saa na mahali palipotajwa Kenya, wakalinganisha na orodha za vitu vilivyotazamiwa kuanguka siku hiyo, kisha wakabishana juu ya asili yake. Msomaji azingatie jambo hili: mabishano ya wataalamu wa Ulaya na Marekani yalisimama juu ya kauli za watu wa kijiji cha Ukambani. Ushuhuda wao ukiwa sahihi, jibu hukaribia. Ukiwa na kasoro, hakuna kompyuta inayoweza kuusahihisha.

Sisi wa Kongo tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mwaka 1975 serikali ya Mobutu iliipa kampuni ya Kijerumani OTRAG, ya Lutz Kayser, haki ya kutumia eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 kaskazini mwa Shaba, ili ijaribu roketi zake kwenye uwanda wa juu ulio kando ya mto Luvua. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilianguka mara baada ya kurushwa, mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979, kwa shinikizo la mataifa ya nje, kampuni iliondolewa. Roketi hizo hazikufika katika njia ya kuizunguka dunia. Lakini zilipanda, na chuma chake kikashuka juu ya nchi yenye wenyewe. Historia ya OTRAG imeandikwa zaidi kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa, na sehemu yake kubwa inawahusu wanasiasa na wahandisi. Mzee wa Luvua aliyesikia ngurumo ile na kuuliza ni nini, maneno yake yanastahili nafasi katika historia hiyo, na lugha ambayo angeyasema si Kijerumani.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba raia wa Sydney, askari wa Manitowoc, wanafunzi wa Kettering, wasafiri wa mto Thelon na wanakijiji wa Makueni walifanya kazi ya aina moja. Hawakuwa na roketi wala rada. Walikuwa na mahali waliposimama, na mahali hapo hapakuweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Mosi, anayeona moto ukivuka anga aandike papo hapo: saa, ikiwezekana hadi sekunde, mahali alipo, upande ulikotokea na ulikoelekea, kimo chake juu ya upeo wa macho, muda uliodumu, na idadi ya vipande. Akikuta chuma kisichojulikana asikiguse, kwa kuwa chaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu, na katika hali chache, kama ya Kosmos 954, hata mnururisho. Awaite wenye mamlaka, na apige picha akiwa mbali.

Pili, istilahi zetu zitenganishe wazi kimondo na mabaki ya chombo cha angani. Shahidi asiye na neno lililo sawa hulazimika kuazima la mwingine, na tarjuma mbaya yaweza kuipoteza kesi.

Tatu, wanafunzi wa historia na wa isimu washirikiane kukusanya kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji kumbukumbu za wazee waliokuwa wakikaa karibu na mto Luvua kati ya 1976 na 1979. Waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati ule sasa wamekaribia miaka 70. Kazi hiyo haihitaji darubini. Inahitaji daftari, subira na nauli, tena inahitaji kuanza mapema.